Jua Kali, Maji Baridi: Kuzamia Upande wa Atlantiki wa Cape Town

Mwezi wa Januari, saa nane mchana, ufukwe wa Clifton mjini Cape Town hujaa watu mpaka pa kutandika kanga hapapatikani. Jua linachoma, hewa imekaribia digrii 30, watoto wanalilia aiskrimu. Ukitazama vizuri, hata hivyo, utagundua kwamba karibu wote wako mchangani. Anayeingia majini huingia kwa kelele na kutoka mbio. Maji yale yana digrii 10 hivi, siku nyingine chini ya hapo. Rudi palepale mwezi wa Julai, mvua inanyesha, watu wamejifungia majumbani, utie kipimajoto baharini: kitasoma 13, pengine 14. Yaani bahari ile huwa baridi zaidi wakati wa joto kuliko wakati wa baridi.

Mara yangu ya kwanza kuzamia huko sikulijua hilo. Nilikwenda na mazoea ya kwetu, ambako mtu akizama Pemba na vazi la mpira la mili 3, yaani unene wa milimita 3, akakuta digrii 26 hutoka akisema leo maji yalikuwa ya baridi. Duka nililokodi vifaa lilinipa vazi la mili 7, likanipwaya shingoni na kiunoni, nikajiambia si kitu, majini litabana. Halikubana. Maji yaliingia kwa nyuma ya shingo, yakateremka uti wa mgongo hadi visiginoni, na kila nilipopiga mapezi yakatoka hayo yakaingia mengine mapya. Dakika ya 20 kidole gumba hakikuweza tena kubonyeza kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi la kuelea. Lakini katika dakika hizo niliona mwamba uliokuwa mita 20 mbele yangu, hadi mikunjo yake, kana kwamba naangalia kupitia dirishani. Baadaye nikaja kuelewa kwamba baridi ile na uangavu ule ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni upepo.

Ndiyo maana wazamiaji wa kule, kabla ya kuulizana "tuzame wapi?", huulizana upepo una siku ya ngapi. Mahali pamoja hapohapo, Jumanne ni pa ajabu na Jumamosi ni supu ya mchicha. Orodha ya maeneo mazuri ya kuzamia, zile zinazopangwa kwa nyota, hazisaidii sana pwani hii. Kinachosaidia ni kuuelewa upepo.

Kwanza tuondoe la bahari mbili

Ukipanda basi la watalii kwenda Cape Point, kwenye ncha ya rasi, utaambiwa kwamba hapo ndipo Bahari ya Atlantiki inapokutana na Bahari ya Hindi. Wengine huonyeshwa hata mstari wa povu majini. Ni hadithi tamu, ila mpaka rasmi wa bahari hizo mbili uko Rasi ya Agulhas, kwenye mstari wa longitudo ya digrii 20 mashariki, mwendo wa kilomita 150 na ushee kutoka hapo. Huko ndiko ncha ya kusini kabisa ya bara la Afrika, na pana jiwe la alama. Kwa hiyo ghuba kubwa iliyo mashariki ya rasi, False Bay, ambayo wenyeji wengi huiita upande wa Bahari ya Hindi, kwenye ramani ni Atlantiki tupu.

Jina lenyewe la False Bay, ghuba ya uongo, lilitokana na kosa la mabaharia. Waliotoka mashariki waliona mlima wa Cape Hangklip wakadhani ni Cape Point, wakakata kona mapema kuelekea kaskazini, wakajikuta wamenaswa ghubani.

Hata hivyo hadithi ya bahari mbili haikuzuka hewani. Upande wa mashariki hushuka mkondo wa Agulhas, maji ya moto yanayotoka mkondo wa Msumbiji na pande za Madagaska, na mabaki yake hupenya mara kwa mara hadi False Bay. Wakati wa joto maji ya ghuba hiyo huweza kufika digrii 20, huku ng'ambo ya mlima, mwendo wa nusu saa kwa gari, wenzao wanatetemeka kwa digrii 10. Anayesema bahari ni mbili amekosea jina la bahari, lakini ngozi yake haikumdanganya.

Upepo unaosogeza bahari pembeni

Majira ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, Cape Town hupigwa na upepo wa kusini-mashariki. Wenyeji huuita Daktari wa Rasi, kwa kuwa hufagia moshi na hewa chafu ya mji. Ndio unaoleta lile wingu jeupe linaloteremka kwenye Mlima wa Meza kama kitambaa kilichotandikwa. Huvuma siku tatu, nne, hata wiki nzima, na ukiamua kufunga mlango wa gari huwezi kuufunga kwa mkono mmoja.

Wengi hueleza baridi ya maji hivi: upepo unatoka nchi kavu, unayasukuma maji kwenda nje, basi ya chini yanapanda. Maelezo hayo yamegusa ukweli bila kuushika. Upepo huo kwa kiasi kikubwa huvuma sambamba na pwani, kutoka kusini kupandisha kaskazini. Kama maji yangefuata upepo tu yangekwenda Namibia, na Clifton isingepata baridi yoyote ya kusimulia.

Fumbo hili lilifunguliwa mbali sana na Afrika. Miaka ya 1890 Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa Norwei, aliiacha meli yake Fram igande kwenye barafu ya Aktiki ili ichukuliwe na mkondo. Akaona kwamba barafu haikufuata upepo sawasawa: ilikwenda kuliani kwake. Mwanasayansi wa Uswidi, Vagn Walfrid Ekman, akapiga hesabu na kuzichapisha mwaka 1905. Dunia inazunguka, na kila kinachosafiri juu yake hupindishwa: kaskazini ya ikweta kwenda kulia, kusini ya ikweta kwenda kushoto. Upepo husukuma maji ya juu, yale yakayakokota ya chini yake, na hayo ya chini yao, na kila tabaka linapinda zaidi ya lililo juu. Ukijumlisha matabaka yote, maji husogea pembe mraba na upepo.

Sasa simama Cape Town, mgongo wako kwenye upepo wa kusini-mashariki. Mbele yako ni kaskazini-magharibi. Kushoto kwako ni bahari kuu. Maji ya juu, yale yaliyopigwa jua wiki nzima, yanaondoka kuelekea huko. Ni kama mtu anayesukuma malai ya maziwa pembeni mwa sufuria kwa kijiko: yanayojitokeza ni maziwa ya chini. Hapa ya chini ni maji ya kilindini, zaidi ya mita 100, ambayo hayajaona jua kwa muda mrefu. Hupanda hadi ufukweni ndani ya siku moja au mbili za upepo mkali.

Kwa msomaji wa Pwani yetu jambo hili lina pacha wake. Kusi inayotufungia bahari Tanga na Lamu huendelea hadi Somalia, na huko, kwa kuwa ni kaskazini ya ikweta, maji hupindia kulia, yaani nje. Pwani ya Somalia hupata maji baridi ya kilindini kila msimu wa kusi, na ni mojawapo ya sehemu za bahari zinazopoa kwa nguvu kuliko nyingi duniani. Kwetu, kusini ya ikweta, kusi hiyohiyo huyapindia maji kushoto, kuja pwani, kwa hiyo hatupati kitu kama hicho. Upepo ni ule ule, ikweta ndiyo iliyogeuza meza.

Siku ya buluu na siku ya kijani

Maji yaliyotoka kilindini ni maangavu kwa sababu gizani hakuoti kitu. Vijimea vidogo vya planktoni, vinavyoyatia maji ya pwani ukungu, huhitaji mwanga. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu ya upepo, mzamiaji huweza kuona mita 15, 20, na siku ya bahati zaidi.

Lakini maji hayo yana mbolea. Kila kilichokufa juu na kuzama kimeoza huko chini, naitrati na fosfati zikabaki. Siku upepo unapokatika, jua likawaka juu ya maji yaliyojaa mbolea, planktoni huchipuka kama magugu shambani baada ya mvua ya kwanza. Siku ya nne au ya tano tangu upepo ukatike, mita 20 zimekuwa 4, maji yamekuwa ya kijani, mara nyingine ya kahawia au mekundu kabisa. Halafu yamepata joto kidogo, digrii 14 au 15, na mgeni asiyejua hufurahi: leo maji mazuri! Mwenyeji hurudisha vifaa ndani ya gari.

Kijana mmoja wa Bukavu aliyekuwa anajaza mitungi ya hewa pale dukani, siku nilipokwenda kulalamikia vazi langu, alinieleza yote haya kwa sentensi moja. "Kaka, hii bahari ikikupenda inakugandisha, ikikuonea huruma, hauoni kitu."

Mbolea hiyo ndiyo inayolisha dagaa na samaki wa kopo wa pwani yote ya magharibi, hadi Namibia. Ina upande wake mchungu pia. Planktoni ikizidi sana hufa, na kuoza kwake hula oksijeni yote ya maji ya chini. Kamba wa miamba, wale wanaouzwa kwa bei ya dhahabu hotelini, hukimbilia kwenye maji ya kina kifupi kutafuta pumzi, maji yakapwa, wakaachwa mchangani. Mwaka 1997, huko Elands Bay, kiasi cha tani 2,000 za kamba zilitoka baharini kwa njia hiyo.

Chini ya maji kuna nini

Kama umezoea matumbawe ya Mnemba au Chole, dakika za mwanzo utajiuliza samaki wako wapi. Samaki ni wachache na wamevaa rangi za kazi. Kinachokupokea ni msitu.

Msitu huo ni wa kelpi, mwani mrefu kama mnazi mchanga, wenye bomba tupu ndani na tufe la hewa juu linalouelekeza kwenye mwanga. Hauna mizizi: una kitako chenye vidole kinachobana jiwe. Mkubwa hupita mita 10. Unashuka katikati ya mashina, mwanga unakuja vipande vipande kutoka juu, na wimbi likipita msitu mzima unalala upande mmoja, kisha unalala upande wa pili, nawe ukilala nao. Wageni huogopa kunaswa. Kelpi hainasi mtu aliyetulia, humnasa anayejizungusha. Ikikushika mtungi, simama, rudi nyuma kidogo, au likunje shina kwa nguvu: hukatika kwa mlio kama karoti.

Oudekraal, kati ya Camps Bay na Llandudno, ndipo pa kuanzia. Mawe ni ya graniti, ya umri wa zaidi ya miaka milioni 500, yaliyolika yakawa mviringo, mengine makubwa kama nyumba ya ghorofa, yamerundikana moja juu ya jingine na kuacha vichochoro na mapango ambayo mtu hupenya akatokea ng'ambo. Sehemu moja huitwa Justin's Caves. Nyingine ni Geldkis, Kiafrikaans chenye maana ya sanduku la fedha, jina lenye harufu ya hazina, na si bure: mwaka 1698 meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilivunjika pwani hiyohiyo, na fedha zilikuwamo.

Ipo na sehemu iitwayo Coral Gardens. Jina hilo limewapotosha wengi. Matumbawe yanayojenga miamba kama ya kwetu yanataka maji ya joto, na digrii 10 hayawezi kabisa. Yaliyopo ni matumbawe laini, feni za bahari, na aina moja ngumu ya zambarau ambayo kwa nasaba si tumbawe la kweli. Hayajengi kitu, yamepachikwa tu juu ya graniti. Ila graniti yenyewe huioni: imefunikwa na matango-bahari mekundu, sponji za rangi ya machungwa, maua-bahari ya waridi, urujuani na njano, kila inchi ina mwenyewe. Kuna konokono wasio na kombe, wengine wadogo kuliko punje ya mchele, na watu wazima wenye akili zao huning'inia kichwa chini nusu saa kuwapiga picha.

Mnyama niliyempenda kuliko wote ni papa mdogo wa urefu wa mkono, mwenye madoa ya kahawia, anayelala mchangani chini ya kelpi. Ukimsogelea karibu mno hakimbii wala hang'ati. Hujikunja duara, akauleta mkia mpaka usoni na kufunika macho. Kwa Kiingereza amepewa jina la papa mwenye haya. Nilimkuta mmoja, akajifunika. Nikarudi nyuma kama mita mbili nikasubiri. Baada ya muda aliuondoa mkia kidogo, akachungulia, akaniona nipo bado, akaurudisha.

Ukienda kusini zaidi, boti hutoka Hout Bay hadi kisiwa cha Duiker, mwamba mtupu wenye maelfu ya sili, wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi. Nchi kavu sili ni gunia la viazi. Majini hukupita kama mshale, akageuka tumbo juu, akaja kuangalia sura yake kwenye kioo cha miwani yako, akang'ata pezi kwa mzaha. Huhitaji hata mtungi, kina ni kifupi.

Karibu na hapo ni Maori Bay, makaburi ya meli. Ghuba ilipewa jina la meli ya mvuke Maori, iliyokuwa inatoka London kwenda New Zealand mwaka 1909 ikagonga mwamba. Ndani yake mlikuwa na mabomba na vyombo vya udongo, na vipande vya sahani bado vimo mchangani. Mita mia kadhaa kando ipo Oakburn ya mwaka 1906, na juu yake ikaangukia BOS 400, tishari la Kifaransa lenye kreni kubwa mno, lililokuwa likivutwa kutoka Pointe-Noire, Kongo, mwaka 1994 kamba ikakatika katika dhoruba. Meli mbili zilizopishana karibu miaka 90 zimelala kitanda kimoja. Huko Oudekraal upo mzoga wa Antipolis, meli ya mafuta iliyokuwa inavutwa kwenda kukatwa vyuma mwaka 1977, pamoja na mwenzake Romelia iliyokwama Llandudno. Zilikuwa njiani kwenda kuuawa, zikajifia zenyewe.

Angalia tarehe. Antipolis ilipotea Julai. BOS 400, Juni. Maori, Agosti. Oakburn, Mei. Zote ni majira ya baridi, na hapo ndipo tunapofika kwenye nusu ya pili ya mambo.

Majira ya baridi, na hesabu ya sekunde

Majira ya baridi dhoruba za Bahari ya Kusini husogea karibu, na upepo hugeuka kuwa wa kaskazini-magharibi. Sasa maji ya juu yanasukumwa kuja pwani, ya kilindini hayana pa kutokea, ndiyo maana joto hupanda hadi 13 au 14. Lakini hakuna anayenufaika, kwani pamoja na upepo huja mawimbi.

Mawimbi ni ya namna mbili, na mgeni huyachanganya. Yapo ya upepo wa hapo hapo, mafupi, yenye povu, yanayokutapisha botini. Na yapo yaliyosafiri: yamezaliwa na dhoruba iliyo maelfu ya kilomita, yamefika yakiwa marefu na laini, huyaoni hasa mpaka yanapogusa mwamba. Haya ndiyo yanayoua. Utabiri huyapa namba mbili, kimo na sekunde kati ya wimbi na wimbi, na watu husoma kimo tu. Zidisha sekunde kwa sekunde, kisha kwa 1.56, utapata urefu wa wimbi kwa mita kwenye maji ya kina. Wimbi la sekunde 8 lina mita 100. La sekunde 15 lina mita 350. Msukumo wa wimbi hufika chini hadi nusu ya urefu wake. Kwa hiyo wimbi la mita 2 lenye sekunde 8 huliona sana juu, chini mambo ni ya kuvumilika. La mita 2 hizohizo lenye sekunde 15 hukukuta mita 18 chini ukiwa pangoni, likakupeleka mbele mita tatu, likakurudisha mita tatu, na pango halisogei.

Wakati huo wazamiaji wote huhamia False Bay. Upande wake wa magharibi, kuanzia Simon's Town kushuka Miller's Point, umekingwa na milima dhidi ya upepo wa kaskazini-magharibi, na rasi inazuia mawimbi ya kusini-magharibi. Miezi ya joto ghuba hiyo huwa hovyo, maana upepo wa kusini-mashariki huingia moja kwa moja kupitia mdomo wake na kukoroga kila kitu. Majira ya baridi hutulia. Huko kuna meli zilizozamishwa kwa makusudi: tano ziko Smitswinkel, zikiwemo manowari mbili, mita 30 na zaidi, na karibu na Miller's Point ipo SAS Pietermaritzburg, iliyozamishwa mwaka 1994, ambayo zamani ikiitwa HMS Pelorus ilisafisha mabomu ya baharini mbele ya majeshi yaliyotua Normandy mwaka 1944.

Kanuni ya mkato, basi: miezi ya joto, upepo wa kusini-mashariki umevuma siku mbili na mawimbi ni madogo, nenda Atlantiki. Miezi ya baridi nenda ghubani. Kati ya hapo angalia utabiri, wala usione haya kughairi.

Hatari moja haisemwi vya kutosha. Upepo wa kusini-mashariki ukitua Oudekraal unakuwa umeruka juu ya mlima, kwa hiyo unavuma kutoka nchi kavu, na karibu na ufuko maji yanalala kama bwawa. Mtu huona utulivu huo akaingia kwa miguu, akazama, akaibuka mita 150 nje. Huko upepo unateremka mlimani kwa vishindo, na juu ya maji, na mtungi mgongoni, hawezi kuogelea kinyume chake. Wenyeji hurudi chinichini, wakiacha hewa ya kutosha kwa safari hiyo, na kuibuka pale tu wanapoweza kusimama. Kuhusu vazi, neno langu ni moja: mili 7 na kofia, na libane shingoni hadi ukasirike.

Meli iliyotoka Msumbiji

Mita mia moja hivi kutoka kwenye ufukwe ule wa Clifton nilioanza nao, kati ya miamba miwili, kuna mahali ambapo hapajaandikwa kwenye vijitabu vya wazamiaji, na ni sawa pasiandikwe. Kina ni kifupi, wimbi halipumziki, na mchanga unaofukuliwa asubuhi jioni umerudi.

Tarehe 3 Desemba 1794 meli ya Kireno, São José Paquete de África, iling'oa nanga Kisiwa cha Msumbiji kwenda Maranhão, Brazil. Ilipakia watu zaidi ya 400 waliotekwa, wengi wao wakiaminika kuwa Wamakua, watu ambao sisi Watanzania tunao Masasi, Tunduru na Mtwara. Siku 24 baadaye, karibu na Cape Town, upepo na mawimbi viliisukuma kwenye miamba hiyo. Nahodha na mabaharia waliokolewa, pamoja na sehemu ya mateka. Zaidi ya 200 walikufa maji. Waliookolewa waliuzwa hapo hapo Cape Town.

Miaka ya 1980 wasaka hazina waliigundua meli hiyo wakadhani ni ya Kiholanzi ya zamani zaidi. Kosa lilisahihishwa na mwanaakiolojia Jaco Boshoff wa makumbusho ya Iziko na wenzake wa Marekani na Msumbiji, walipopata kwenye nyaraka za Cape maelezo ya nahodha mwenyewe kuhusu ajali. Kitu kimoja kilichotolewa chini kilimaliza ubishi: mapande ya chuma. Hati za meli zilionyesha kwamba ilitoka Lisbon na mapande ya chuma ya kuipa uzito. Meli ya mizigo ya kawaida haihitaji chuma kingi hivyo. Meli ya watumwa huhitaji, kwa sababu watu, hata wakibanwa mamia kwa mamia, ni wepesi kuliko shehena, na wanatikisika.

Sheria ya urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 hulinda mabaki yoyote ya meli yenye zaidi ya miaka 60, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuokota kitu pale, wala Maori, wala Oakburn. Mapande machache ya chuma kutoka São José yako kwenye makumbusho.

Mwezi wa Juni 2015, baada ya utambulisho wa meli kutangazwa, wageni kutoka Marekani walikwenda kwanza Msumbiji, ambako kiongozi wa jadi wa Wamakua aliwakabidhi udongo wa nyumbani ndani ya kikapu kilichopambwa kwa kauri. Wakasafiri nao hadi Cape Town. Wazamiaji watatu, mmoja wa Msumbiji, mmoja wa Afrika Kusini na mmoja wa Marekani, wakauingiza majini na kuumwaga karibu na mahali meli ilipovunjikia.